Tangi kwanza, bomba baadaye: jibu kwa mstaafu anayetaka kuipelekea shule ya kata intaneti

"Nilistaafu mwaka jana baada ya miaka 31 ya uhasibu, nikarudi nyumbani Newala. Wanafunzi wa sekondari yetu ya kata wanasoma kwa kunakili ubaoni, vitabu havitoshi. Nimetenga sehemu ya kiinua mgongo ninunue ruta na kuilipia intaneti kila mwezi ili wasome bure. Mwalimu mkuu amefurahi, mke wangu hajafurahi. Nimejaribu pia kujitolea kwa kalamu: niliandika makala juu ya kijiji chetu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, siku tatu baadaye ikafutwa, nimevunjika moyo. Mjukuu wangu anasema kuna Wikipedia ya bure kwenye simu isiyokula bando, lakini siioni. Naomba ushauri. Nianze na ruta gani? Je, kuna kibali cha kuomba? Na watoto hawataishia kutazama mambo ya ovyo?"

Shikamoo mzee, na hongera kwa kustaafu salama.

Niruhusu nianze kwa kumtetea mama. Sidhani kama amekataa watoto wasome. Nadhani ameona kitu ambacho sisi wapenzi wa vifaa tunachelewa kukiona: ruta unainunua mara moja, lakini bando utalinunua mpaka siku utakayochoka. Na siku hiyo, au siku utakayougua, au msimu ambao korosho zitakosa bei, watoto watarudi palepale kwenye daftari, safari hii wakiwa na ruta nzuri juu ya kabati la mwalimu mkuu. Mimi ni mkutubi. Nimehangaika na kazi hii ya kupeleka maarifa ya bure shuleni kwa miaka mingi, na makabati ya namna hiyo nimeyafungua si haba.

Unachotaka wewe ni watoto wasome. Ndani ya barua yako jambo hilo limegeuka kuwa "watoto wapate intaneti", na hapo ndipo gharama inapopanda bila sababu. Sehemu kubwa ya maarifa ya bure yaliyoko mtandaoni, kuanzia Wikipedia nzima hadi kamusi na masomo ya hisabati ya video, wenyewe walioyaandika wametoa ruhusa yanakiliwe, yahifadhiwe popote na kusomwa bila intaneti hata chembe. Intaneti inahitajika siku ya kuyachota tu.

Wewe ni mtu wa Newala, kwa hiyo sina haja ya kukueleza maana ya maji kuwa mbali. Uwanda wa Makonde uko juu na maji yako bondeni. Wazee walishuka na kupanda na mtungi, na aliyejiweza akajenga tangi la kuvuna mvua ya paa. Mpango wako wa sasa ni sawa na kumlipa mchota maji kila siku, kila mwanafunzi na ndoo yake. Ninachokuomba ufikirie ni tangi.

Twende kwenye hesabu, wewe ndiye mhasibu. Tuseme GB 1 ni shilingi 2,000, kwa wepesi wa kuhesabu. Darasa la wanafunzi 45 linafungua kurasa na kipande cha video vyenye jumla ya MB 30 kwa kila mwanafunzi katika kipindi kimoja. Hiyo ni MB 1,350, kama shilingi 2,700. Vipindi vinne kwa wiki, wiki nne, unafika 43,200 kwa mwezi, na hilo ni mkondo mmoja tu. Shule ya mikondo minane ni 345,600 kila mwezi. Angalia kinachouma zaidi: wale 45 walifungua ukurasa uleule na video ileile. Umelipia kitu kimoja mara 45. Kitu hichohicho kikikaa ndani ya kompyuta iliyopo shuleni, kinapakuliwa mara moja, kisha kinasafiri kutoka mezani kwa mwalimu hadi dawati la nyuma kwa waifai isiyomdai mtu senti.

Huenda unajiuliza kama haiwezekani kuishusha bei yenyewe. Data tunayotumia inaingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani inapita kwenye Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu za serikali za kusafirisha data nchini, halafu inarushwa na minara. Mnara unakula umeme, na umeme ukikatika unakula dizeli. Una mlinzi, una ada ya masafa, una kodi ya kiwanja, na juu ya bando lako kuna VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa. Mnara wa Kariakoo unazigawa gharama hizo kwa maelfu ya wateja. Wa kijijini una gharama karibu zilezile na wateja wa kuhesabika. Ndiyo maana makampuni yanasitasita kujenga huko, na ndiyo maana serikali ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kuyachangia yakubali kwenda. Mstaafu mmoja, hata awe na moyo wa namna gani, hashushi bei hiyo kwa kuilipa mwenyewe. Anachoweza ni kupunguza kiasi cha data ambacho kijiji kinahitaji kununua.

Tangi pia lina faida ambayo wengi waliigundua Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika kusini kwetu na mtandao ukazorota nchi nzima. Shule zenye maktaba yao ndani hazikujua kama kuna lililotokea.

Sasa vifaa. Programu utakayotumia inaitwa Kiwix. Ilianza mwaka 2007, inatunzwa kutoka Uswisi na ni ya bure. Inachofanya ni kusoma mafaili yaliyobanwa yanayoishia na herufi ZIM, na kila faili ni maktaba kamili. Wikipedia ya Kiswahili yote ni faili dogo linaloingia kwenye memori kadi ya kawaida na nafasi ikabaki. Ya Kiingereza yenye picha inakaribia GB 100 au kuzidi, kwa hiyo inataka diski. Ipo pia Wikipedia ya Kiingereza chepesi, iliyoandikwa kwa sentensi fupi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo itakayowafaa kidato cha kwanza na cha pili, watoto waliomaliza la saba kwa Kiswahili na ghafla wanafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Weka zote mbili, ya Kiswahili na hiyo. Nimewaona watoto wakisoma ya Kiswahili kwanza ili waelewe, ndipo wanahamia ya Kiingereza ili waweze kujibu mtihani.

Vijana wengi watakushauri ununue Raspberry Pi, kikompyuta cha Waingereza kinachoenea kiganjani. Ni kifaa kizuri na kinakula umeme kidogo mno. Mimi kwako sikipendekezi. Shule niliyoanza nayo niliiwekea hicho, nikakipenda kama mtoto. Miezi mitano baadaye kikafa. Umeme ulikatika kikiwa katikati ya kuandika kwenye memori kadi, faili la mfumo likavurugika, na wilaya nzima hakukuwa na fundi aliyewahi kukiona kwa macho. Nilifika baada ya wiki saba. Kazi yenyewe ya kukirekebisha ilichukua dakika ishirini.

Nunua laptopu iliyotumika, yenye betri inayoshika chaji angalau saa moja na nusu. Betri hiyo ndiyo kinga yako ya umeme kukatika, na laptopu ikisumbua, fundi wa Newala mjini au Masasi ataifungua. Weka Kiwix ndani, iambie igawe maktaba kwenye mtandao wa ndani (kitufe chake kimo humohumo kwenye programu), kisha iunganishe na ruta ya kawaida ya waifai. Ruta hiyo haihitaji laini wala vocha, kazi yake ni kurusha tu. Mtu anaunganisha kifaa, anaandika namba za anwani kwenye kivinjari, maktaba inafunguka. Namba hizo ziandikwe kwa chokaa juu ya ubao na zisifutwe.

Kuna mambo matatu yatakayokutesa siku ya kwanza, nikutajie mapema. Faili la zaidi ya GB 4 litakataa kuingia kwenye flashi nyingi, kompyuta ikidai ni kubwa mno, na wewe unaiona nafasi ipo tele. Tatizo ni namna flashi ilivyopangwa ndani, mpangilio wa zamani uitwao FAT32. Iandae upya kwa exFAT, na kumbuka inafuta kila kitu kilichokuwamo. La pili, simu na vishikwambi vitalalamika kwamba waifai hii haina intaneti, kisha vitajirudisha kimyakimya kwenye data ya laini. Mtu anadhani anasoma maktaba yako kumbe anakula bando lake. Mfundishe kila mtumiaji kuzima data kwanza. La tatu ni vumbi. Hilo halina ufundi, ni kitambaa kila asubuhi.

Nimetaja vishikwambi kwa makusudi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vile vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Waulize wa shule yenu. Huenda vifaa vya kusomea vipo tayari, vinatumika kutunzia picha za harusi. Nasema hivyo kwa sababu mpango wowote unaotegemea simu za wanafunzi utagonga ukuta: shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na sheria hiyo hutaibadilisha wewe. Vishikwambi sita vya walimu vikikaa mezani maktabani saa za jioni, kwa zamu na daftari la kusaini, vinafanya kazi kubwa kuliko laini ya intaneti isiyo na cha kuifungulia.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio Jumamosi moja. Weka Kiwix kwenye simu yako, pakua Wikipedia ya Kiswahili ukiwa mjini kwenye waifai ya mtu, nenda shuleni. Programu hiyo ikiwa kwenye simu za Android ina sehemu ya kugawa vitabu kwa hotspoti bila data. Walimu watatu waunganishe vishikwambi vyao, mkae saa mbili. Angalia nani anauliza maswali, nani anasahau chai yake ikapoa. Huyo ndiye mtu wako. Sijali anafundisha somo gani. Mwangalizi bora niliyewahi kumpata alikuwa mwalimu wa kilimo. Mwalimu wa kompyuta mara nyingi anahamishwa, kwa sababu kila shule inamtaka.

Usipompata mtu huyo, usinunue kitu. Nakwambia bila kupaka sukari. Miradi hii haifi kwa kukosa mashine, inakufa kwa kukosa mwenye ufunguo. Nilisaidia wakati mmoja kukusanya kompyuta ishirini za msaada kwa shule moja, zikafungiwa stoo kwa sababu mkuu wa shule aliogopa zikiharibika ataandikwa barua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekabidhiwa mali bila kupewa ruhusa ya kuiharibu. Kwa hiyo utakapotoa laptopu, andika kwa mkono wako kwenye hati ya makabidhiano kwamba ni ya kutumiwa hadi ichakae, na ikichakaa hadaiwi mtu. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ruta.

Kuhusu mambo ya ovyo: hiyo ndiyo hofu ambayo tangi linaimaliza karibu yote. Kisichowekwa hakimo. Hakuna kamari, hakuna video za usiku, hakuna mgeni anayemwandikia binti wa watu. Katika Wikipedia kubwa zimo picha za mwili wa binadamu na kurasa za uzazi, na kijana mmoja atazitafuta siku ya kwanza na kuwaita wenzake. Wacha. Ni baiolojia, na siku ya tatu wamezoea. Ila kama mtafika wakati wa kuwapa intaneti kamili, hapo hofu yako itakuwa na msingi, na mtahitaji chujio pamoja na mtu mzima chumbani. Chujio peke yake watoto huliruka kabla ya mapumziko ya saa nne.

Wanafunzi wenyewe watakuomba vitu viwili kabla ya Wikipedia: vitabu vya kiada na mitihani ya nyuma ya NECTA, Baraza la Mitihani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vyake, na kuvisoma humo ni bure. Bure kusoma na ruhusa ya kunakili ni vitu tofauti, lakini. Wikipedia imetoa ruhusa ya kunakili. Kitabu cha kiada kina haki zake. Mwalimu mkuu aiandikie Taasisi kuomba kuhifadhi nakala kwa matumizi ya shule. Ni barua ya ukurasa mmoja, na itakulinda wewe na yeye.

Nije kwenye makala yako, maana hapo ndipo nilipoona umeumia.

Sijaiona, kwa hiyo nakueleza kinachotokea mara nyingi. Mtu mzima mwenye elimu anakaa, anaandika historia ya kijiji kama alivyoisikia kwa babu yake, anaandika vizuri, anachapisha. Anayeipitia, ambaye naye ni mtu wa kujitolea asiyelipwa, pengine mwalimu wa Moshi au Mswahili aliye Ulaya, anaikuta haina chanzo hata kimoja. Hawezi kujua kama ni kweli. Hawezi pia kujua kama wewe ni mzee wa kijiji au kijana anayetania. Sheria ya Wikipedia inamfunga: kila dai lisimame juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapishwa mahali pengine panapoaminika. Aliyeifuta hakusema unadanganya. Alisema msomaji hana njia ya kuhakiki. Wewe umeshika vitabu vya hesabu miaka 31. Ungepitisha malipo yasiyo na risiti?

Najua jibu hilo halitoshi. Sehemu kubwa ya historia yetu haina risiti, iko vichwani mwa watu, na kanuni hiyo inawapendelea waliochapwa vitabu mapema. Ni kasoro ya kweli, na sisi tunaoandika Wikipedia ya Kiswahili tunaibishania kila mara. Lakini hata ndani ya kanuni hiyo Newala ina vyanzo kuliko unavyofikiri. Matokeo ya Sensa ya 2022 yanatoa idadi ya watu hadi ngazi ya kata. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alikaa Newala mwaka 1906 na kuandika kwa kirefu kuhusu Wamakonde, Wayao na Wamakua aliowakuta, pamoja na picha. Msome kwa jicho kali, maana anatazama kikoloni na anadharau mengi asiyoyaelewa, ila tarehe na maelezo ya vitu alivyoviona vinatumika. Kuna ripoti za halmashauri, kuna tafiti za maji na korosho kutoka vyuo vikuu.

Na usianzishe makala mpya. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 80,000, na nyingi katika hizo ni vijisentensi viwili vitatu kuhusu kata za Tanzania: jina, wilaya, idadi ya wakazi, basi. Tafuta makala ya kata yako. Ongeza sentensi moja, weka chanzo. Kesho yake nyingine. Mabadiliko madogo yenye chanzo ni nadra kufutwa, na ukishajulikana kwa mabadiliko thelathini ya namna hiyo, wapitiaji wenyewe watakusaidia. Halafu chukua simu, nenda Shimo la Mungu asubuhi ukungu ukiwa bado bondeni, piga picha, ipandishe Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure ambako Wikipedia huchukua picha zake. Picha uliyopiga mwenyewe haihitaji chanzo cha mtu mwingine. Nayo ni historia.

Jambo moja nakusihi: usitafsiri kwa mashine na kubandika. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa zawadi. Makala zikaja kwa wingi, zawadi zikatolewa, waandishi wengi wakaondoka, na wachache waliobaki wakawa na kazi ya kusafisha. Siku hizi hata shindano halihitajiki; mtu mmoja na mashine yake anaweza kumwaga kurasa mia kwa siku. Nimekuta makala ya fizikia ambamo mkondo wa umeme umeitwa "sasa", kwa kuwa kwa Kiingereza ni neno lilelile, current. Nimekuta kipeo cha hesabu, power kwa Kiingereza, kikiitwa "nguvu". Mtoto atakayesoma hivyo kwenye tangi lako atayaamini, na hakutakuwa na mtandao wa kumsahihisha.

Ukitaka kuwafundisha walimu kuhariri, kila mmoja afungue akaunti yake nyumbani siku moja kabla. Wikipedia inazuia akaunti zaidi ya sita mpya kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, na walimu kumi na watano mkikaa kwenye hotspoti moja, wa saba atakataliwa na mtafikiri mmefungiwa kwa kosa. Kila ninapoendesha mafunzo nawaandikia hili siku mbili kabla, na kila mara wapo wasiosoma.

Mjukuu wako hajakudanganya, amechelewa tu. Kuanzia mwaka 2012 kulikuwa na mpango wa Wikipedia Zero, ambapo kampuni za simu katika nchi kadhaa ziliruhusu kusoma Wikipedia bila kukata salio. Ulifungwa mwaka 2018. Facebook nayo ilileta kifurushi chake cha tovuti za bure mwaka 2014, kikaanzia Zambia, kikafika kwetu mwaka huohuo. India ilikataa mtindo huo mwaka 2016 kwa hoja kwamba kampuni isiwe ndiyo inayomchagulia maskini tovuti za kusoma. Mimi nilikuwa upande wa waliosema heri nusu shari, na bado sina uhakika kama tulikosea. Ila usijenge mpango wa shule juu ya hisani ya kampuni, kwa kuwa siku ya kuiondoa hawatakupigia simu.

Kibali, sasa. Maktaba ya ndani ya shule, isiyo na intaneti na isiyouzwa, inahitaji ridhaa ya mwalimu mkuu na bodi ya shule, basi; mjulishe pia ofisa elimu wa sekondari wilayani ili asikie kutoka kwenu kwanza. Ukivuka hapo ukaanza kuvuta intaneti na kuisambaza majumbani, hata kwa mchango wa shilingi mia tano, umeingia kwenye kutoa huduma ya mawasiliano, na hiyo ni kazi ya leseni. Usimuulize fundi wala mimi, nenda ofisi ya kanda ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na karatasi iliyochorwa nini kitakaa wapi. Wakati huohuo mwalimu mkuu aandike kupitia halmashauri kwenda UCSAF, maana Mfuko huo umekuwa ukizipa shule za umma kompyuta na kuwafundisha walimu wake. Barua ni bure, na jibu likichelewa tangi linaendelea kufanya kazi.

Pia kuna ndoto kubwa zaidi, kijiji kumiliki mtandao wake chenyewe. Si hadithi. Kibera, Nairobi, shirika la Tunapanda wamefanya. Kondoa wamejaribu wakisaidiwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mankosi huko Afrika Kusini wana mtandao wao uitwao Zenzeleni, na ilichonifunza Zenzeleni ni kwamba waliisimamisha kama ushirika: wanachama, vikao, hesabu za wazi. Ninyi Newala mnao watu wanaojua ushirika kwa raha na machungu yake, mna AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, za korosho. Kama miaka miwili ijayo maktaba bado inasomwa na watu wameanza kuuliza "kwa nini na sisi tusipate nyumbani", peleka hoja kwenye mkutano wa AMCOS. Leo ni mapema mno.

Jambo jingine linalotaka fundi aje mwenyewe ni umeme. Kama chumba cha maktaba kina waya unaoning'inia au soketi inayocheua cheche, laptopu isubiri. Mtafute fundi mwenye leseni, au uliza chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wakuelekeze. Na mtu yeyote akikushauri kupandisha antena juu ya paa, usikubali mpaka amekuonyesha waya wa ethi unaoingia ardhini. Radi za masika huko juu unazijua.

Nirudi kwenye kiinua mgongo. Gharama yako ya kweli katika mpango huu ni laptopu moja iliyotumika, ruta moja ya kawaida, diski au flashi, na safari moja ya kwenda kupakua mafaili penye mtandao wa kasi. Baada ya hapo, safari kama hiyo mara mbili kwa mwaka kuchota matoleo mapya. Mpe mama hesabu hiyo kwa maandishi, na mstari wa chini uwe na jumla isiyokua. Kama atabaki na pingamizi, lisikilize, inawezekana anamjua mwalimu mkuu kuliko sisi.

Ile Jumamosi ikipita, niandikie nani alisahau chai yake. Na nitajie jina la kata. Nitaifungua makala yake na kuiweka kwenye orodha ya zile ninazozifuatilia, ili sentensi yako ya kwanza ikiingia niwe miongoni mwa watakaoipitia.